Masikio ya Cedric

Pale kanisani Mount Nebo, mtoto akizaliwa, mtu wa kwanza kuitwa baada ya mchungaji alikuwa Luvenia Gatlin. Si mkunga yule, wala si nesi. Ni mpishi wa shule ya msingi, mama mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Aliitwa kwa ajili ya masikio. Kila bibi wa mji wetu wa Meridian atakwambia, bila kupepesa jicho, kwamba mtoto mchanga huzaliwa na rangi ya kuazima. Ukitaka kujua rangi atakayokuwa nayo ukubwani, kunja sikio utazame ncha yake ya juu. Na ukishaijua rangi, baba naye umeshamjua. Usiwacheke. Mimi nimekaa nao, na masikio ya wanangu niliyakunja vilevile.

Luvenia alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa mama mkwe wake, Mama Gatlin, na siku aliyofunzwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa siku ya kumzaa Cedric.

Maana Luvenia alikuwa na lake. Mwaka ule mumewe, Hosea, alikuwa Louisiana kwenye kazi ya magogo, na kanisani kulikuja mpiga kinanda wa mkutano wa injili, Wendell Strickland, kijana mweupe wa uso, mrefu, anayenukia vizuri. Basi. Ilitokea mara moja, ikaisha. Mkutano ukafungwa, Strickland akapanda basi na kinanda chake, na Hosea akarudi na soksi zake chafu na mapenzi yake yote. Mimba ilipoingia, Luvenia hakujua ni ya nani. Alimwomba Mungu mpaka akachoka.

Mtoto akazaliwa. Mama Gatlin akaingia chumbani, akamkunja mtoto sikio, akatazama. Ncha ilikuwa nyeupe kama unga wa ngano. Hosea ni mweusi tii. Luvenia ni maji ya kunde tu. Bibi akalikunjua sikio polepole.

"Mh-mh," akasema.

"Vipi, mama?" Luvenia aliuliza.

"Niletee kahawa," Mama Gatlin alimwambia nesi, akatoka nje.

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuulizwa. Alikufa miaka sita baadaye, na Luvenia akaamini kwamba bibi yule amekwenda na siri yake kaburini kwa huruma tu. Mtoto alikua maji ya kunde, mcheshi, mpenda watu. Na tangu wiki ile ya kwanza Luvenia alianza kumwita mumewe kwa jina moja tu, asubuhi, mchana, jioni. Baba Cedric, chakula! Baba Cedric, simu yako! Baba Cedric, ondoa viatu vyako mlangoni! Wanawake wengine wa kanisa walimwonea wivu, wakidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwemo, sikatai. Lakini alikuwa anaziba ufa, anapiga lipu juu ya lipu, na kila akiita alijisikia mwongo.

Sasa njoo kwenye msiba. Cedric aligongwa na lori la magogo barabara ikiwa imelowa, akafa hapohapo, akiwa amemwacha msichana anayeitwa Shaniece Boyd na mimba ya miezi sita. Shaniece ni msusi katika saluni ya Bi Earlene, mweupe, mwembamba, asiye na woga na mtu. Miezi mitatu baada ya mazishi akajifungua mtoto wa kiume. Akamwandikisha jina la baba yake, Cedric Junior, kama watu wa pale wanavyofanya wakitaka kusema huyu ni wenu, hamna pa kukimbilia.

Luvenia alikwenda hospitali mbio, na usinione namsema, yule mama alikwenda na moyo wake wote. Alikuwa hajala vizuri tangu mazishi. Alitaka kitu cha Cedric, hata ukucha. Akampokea mtoto, akakunja sikio. Ncha ilikuwa nyeusi tii.

Hosea alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, machozi yanamtoka. "Tazama, Venia! Tazama alivyonichukua! Huyu ni mimi mtupu!"

Mtu mwingine yeyote angesema kweli, mzee, kakuchukua wewe. Lakini Luvenia alikuwa ameshamtoa Hosea kwenye hesabu zamani. Kwake yeye, Cedric alikuwa damu ya Strickland yule mweupe, na Shaniece naye mweupe, basi watazaaje mweusi kama huyu? Msichana huyu kamchezea mwanangu, akawaza. Kamchezea, na sasa anatuletea mtoto wa mwanamume mwingine tulee badala ya Cedric. Uchungu ukampanda, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Huyu si wetu," akasema mbele ya manesi na mbele ya mama yake Shaniece. "Sikio hili si la kwetu. Mpelekeni kwa mwenyewe popote alipo."

Akamrudisha mtoto kama mtu anayerudisha sahani dukani. Shaniece hakulia. Akampokea mwanawe, akamfunika vizuri.

Neno la Luvenia kuhusu masikio lilikuwa kama hati ya serikali pale Mount Nebo. Ndani ya wiki moja mji mzima ulijua. Shaniece akiingia kanisani, wanawake wanaweka mikoba yao kwenye viti vitupu asikae karibu nao. Mtoto alikua hivyo, hakuna bibi wa kanisa aliyewahi kumbeba. Hosea akimwona Junior dukani alitamani kumshika, akamwangalia mkewe, akapita. Alikuwa mtu wa amani yule mzee, na amani yake ilimla ndani kwa ndani.

Junior alipofika miaka mitatu, Luvenia alikwenda saluni kuoshwa nywele kwa ajili ya Pasaka. Shaniece alikuwa kiti cha pili anasuka mtu. Mtoto alikuwa sakafuni anachezea vibanio.

"Mtoe mtoto wako miguuni pangu," Luvenia alisema.

"Ni mjukuu wako, Bi Luvenia. Mtoe mwenyewe."

"Mjukuu wangu nani? Mimi kwangu hakuna mtu wa rangi hiyo."

"Ee? Na Mzee Gatlin ni rangi gani? Ya maziwa?"

Saluni ikacheka. Bi Earlene mwenyewe aligeukia ukutani akicheka. Luvenia akaogopa, na akiogopa huwa anapiga kelele.

"Basi kapimeni! Kama unajiamini, kampime! Mpime hata kwenye televisheni, kwa Jaji Pruitt, nchi nzima ikuone ulivyo!"

Shaniece akaweka kitana chini. "Umesema wewe. Wote mmesikia? Kasema mwenyewe."

Kipindi cha Jaji Odessa Pruitt kilikuwa hewani kila siku saa sita mchana, na hakuna nyumba ya Meridian iliyokuwa inakikosa. Wanaume wanaokataa mimba, wake wanaotoroka, mapacha wenye baba wawili, wote walisimama mbele ya yule mama wa miwani mikubwa na ulimi wa pilipili, na mwisho bahasha inafunguliwa. Luvenia alikipenda kuliko mtu yeyote. Shuleni alikiangalia huku anapondaponda viazi, akiwapigia kelele wanaume kwenye televisheni.

Shaniece akawaandikia barua. Mtayarishaji wa kipindi alipopiga simu, aliyepokea ni Hosea. Luvenia alimsikia kutoka jikoni akisema, "Ndiyo, binti. Ndiyo. Sote wawili. Tunakuja."

"Sote wawili nani?" akauliza.

"Mimi na wewe. Wanasema kwa sababu Cedric hayupo, wanapima wazazi wake. Kipimo cha mama peke yake kinatosha, lakini wakipata na cha baba, ndiyo uhakika kamili." Hosea alikuwa anatabasamu, kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu msiba. "Venia, tutajua!"

Luvenia akakalia ndoo ya unga.

Kuanzia siku hiyo alikosa usingizi, akakosa raha, chakula kikamwia kama pamba. Vijiti vya kupimia vilikuja kwa posta, akavificha nyuma ya kopo la mafuta. Hosea akavitafuta mpaka akavipata.

"Baba Cedric, mambo ya televisheni ni aibu. Watu wazima sisi."

"Aibu ni kukaa mji mmoja na mtoto wa mwanangu nikimwona kupitia kioo cha gari."

"Na kama si wake?"

"Nitalia niache. Lakini nataka kujua, Venia. Sina kitu kingine ninachotaka hapa duniani." Akakaa mezani, akapanua kinywa kama mtoto kwa daktari wa meno, akajisugua shavuni kwa kile kijiti cha pamba. Kisha akamkabidhi mkewe cha kwake.

Angesema siku hiyo. Angesema kesho yake. Jamani, alijaribu! Alisimama mlango wa gereji akamwangalia mzee anasafisha ndoano za Cedric za kuvulia kambale, moja moja, kwa mafuta, akizipanga kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajui ni wake. Utamwambiaje mtu kama yule? Alirudi ndani akaosha vyombo visafi.

Asubuhi ya mahakama, huko Atlanta, walikuwa wanakunywa chai hotelini. Hosea amevaa tai. Luvenia amechokonoa uji wake wa mahindi mpaka umeganda.

"Baba Cedric, kuna jambo. Kabla hatujaingia pale."

"Subiri kwanza nikuonyeshe." Akatoa mfukoni kofia ndogo ya besiboli, nyekundu, ikiwa bado na karatasi ya dukani. "Unadhani itamtosha? Kichwa chetu sisi ni kikubwa."

Luvenia akaitazama ile kofia. "Itamtosha," akasema. Na gari likaja kuwachukua.

Studio ilikuwa baridi na taa zilikuwa kali. Upande mmoja alisimama Shaniece na gauni lake la buluu, Junior ameshika pindo. Upande wa pili Luvenia na mumewe. Nyuma yao watu wamejaa viti, wamekuja kucheka.

"Binti," Jaji Pruitt alianza, "unataka nini katika mahakama yangu?"

"Jina langu, Mheshimiwa. Sitaki kitu kingine cha hawa watu. Huyu mama alimkunja mwanangu sikio siku ya kwanza, akasema si wao. Tangu hapo kanisa letu lote linanitazama kama malaya. Cedric nilimpenda. Sikuwahi kuwa na mwingine."

Jaji akashusha miwani. "Bi Gatlin, wewe ni daktari?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Umesomea masikio?"

Watu wakacheka. Luvenia siku nyingine angejibu, na angejibu vizuri. Leo alisema tu, "Kwetu wanatazama masikio."

"Hata kwetu, mama. Bibi yangu alitazama ya kwangu akasema nitakuwa mweupe. Hebu nitazameni!" Kicheko kikalipuka, Jaji akapunga mkono wake mweusi juu. Kisha akachukua bahasha kwa askari wa mahakama. "Nina majibu mawili. La bibi na la babu. Nitaanza na la bibi."

Karatasi ikachanika. Luvenia alishika kingo za kizimba.

"Luvenia Gatlin na mtoto Cedric Junior... ni damu moja. Wewe ni bibi yake mzaa baba. Mtoto ni wa Cedric."

Kelele! Shaniece akaziba uso kwa mikono. Hosea hakuomba ruhusa ya mtu. Alivuka katikati ya mahakama kwa miguu yake mibovu, akapiga goti mbele ya mtoto, akamvalisha kofia, akamnyanyua. "Mjukuu wangu," alikuwa anasema. "Mjukuu wangu, mjukuu wangu." Kofia ilimtosha barabara.

Luvenia alitaka kukimbilia pale. Furaha ilimjaa kifuani mpaka ikauma. Ni wa Cedric! Kitu cha Cedric kiko hai, kinapumua, kimevaa kofia nyekundu, na yeye alikisukuma kwa mikono yake hii. Hapo ndipo alipopaswa kutulia afikiri. Kama mtoto ni wa Cedric kweli, na ni mweusi tii, basi ule weusi umetoka wapi? Jibu lilikuwa mbele ya macho yake limevaa tai, limembeba mtoto. Lakini mkono wa Jaji ulikuwa umeshaanza kuinua karatasi ya pili, na hofu ya miaka yote ikamshinda.

"Usisome!" alipiga ukelele. "Mheshimiwa, nakuomba, hiyo usisome!"

Jaji akamtazama. "Bi Gatlin, kamera zinakwenda. Fikiri kabla hujafungua mdomo."

Yule mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufikiri kabla ya kufungua mdomo, safari hii alikuwa amefikiri. Akajiambia: bora asikie kwangu kuliko asikie kwa mgeni. Akamgeukia mumewe.

"Baba Cedric, nisamehe. Nilitaka kukwambia asubuhi, ukanionyesha kofia. Cedric si wako. Ulikuwa Louisiana. Ni Wendell Strickland, yule wa kinanda. Ilikuwa mara moja tu, naapa mbele ya Mungu, nikatubu. Na mtoto umpende hivyohivyo, yeye hana kosa, nakuomba."

Kutoka viti vya nyuma kulipanda sauti moja ndefu ya mshangao, ile ile ambayo Luvenia aliisikia kila mchana akiwa na viazi vyake, akiifurahia. Hosea hakusogea. Alikuwa bado amembeba mtoto.

Jaji alivua miwani. Hakuwa na mzaha tena usoni. "Nani alikwambia si wake?"

"Mama yake mwenyewe. Alimkunja sikio siku aliyozaliwa. Lilikuwa jeupe. Akasema mh-mh, akaomba kahawa."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuulizaje, Mheshimiwa?"

Jaji akainua ile karatasi. "Mzee Gatlin, unataka nisome?"

"Soma," alisema Hosea.

"Hosea Gatlin na mtoto Cedric Junior." Alisoma polepole, kwa sauti ya chini. "Ni damu moja. Wewe ni babu yake mzaa baba. Cedric alikuwa mwanao, mzee. Hakuna shaka yoyote."

Mahali fulani mtu wa kipindi alitoa ishara, na watu wakapiga makofi, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Makofi yakafa yenyewe.

Luvenia alitoka kizimbani mbio. "Umesikia? Ni wako! Baba Cedric, Cedric ni wako! Ni masikio yale, yalinidanganya!" Alikuwa anacheka na kulia, akimvuta mumewe mkono wa koti. "Ni wako, baba, hakuna kilichoharibika!"

Hosea akautoa ule mkono kwenye koti lake. Hakuutupa. Aliutoa tu.

"Mama aliniambia siku ileile," alisema. "Nje, na kikombe chake cha kahawa. Alisema mtoto kachukua masikio ya bibi yake yeye mama, mwanamke mweupe wa Baton Rouge. Alikuwa anatokwa na machozi ya furaha."

"Hakuniambia!"

"Hukumuuliza." Sauti yake haikupanda. "Tulisimama kaburini, Venia. Nilikuwa nimekushika usianguke. Na wewe kichwani mwako unasema, maskini huyu, anamlilia mtoto wa mtu."

"Hapana. Hapana, Baba Cedric..."

"Miaka yote hiyo unaniita hivyo, ulikuwa unadhani unanidanganya."

Luvenia akaushika tena mkono wa koti lake.

Mzee akamgeukia Shaniece. "Binti, gari lenu la kurudi lina nafasi?"

Shaniece alimtazama Luvenia. Alikuwa amepata jina lake, na uso wake haukuwa na ushindi wowote. "Ipo, babu," akasema.

Wakaondoka watatu, kofia nyekundu ikionekana begani kwa mzee mpaka mlangoni. Kijana wa kipindi akaja kumwonyesha Luvenia pa kusimama kwa ajili ya mahojiano ya mwisho, akamrekebishia maikrofoni kifuani. Luvenia alimsukuma.

"Baba Cedric!" aliita. Tangu azae, ilikuwa leo tu ndipo alipomwita hivyo akijua anasema kweli.

Mzee hakuitika.